Karakana ya Mwalimu: Uchambuzi wa Kisa cha Mwalimu wa Useremala Mkoani Dodoma

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa ufundi wanaokaribia kustaafu na mafundi wenye karakana uani kwao. Jina la mhusika, kijiji, shule na chuo vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili asitambulike. Humu ataitwa Mwalimu tu, kama anavyoitwa na kijiji kizima, wakiwemo wazee waliomzidi umri. Aliridhia kisa kiandikwe kwa sharti moja: asifanywe malaika, asifanywe bwege.

Sharti hilo si la bure, maana kijijini hukumu ni hizo hizo mbili. Wapo wanaosema ana moyo, Mungu amzidishie. Wapo wanaosema watu wamemla mpaka mifupa. Ukikaa na madaftari yake unaona jambo la tatu. Palipokuwa na utaratibu uliotangazwa kabla shida haijabisha hodi, ukarimu wake ulidumu miaka na haukumfilisi. Palipoamuliwa papo kwa papo, kwa kuoneana haya, karakana ililiwa. Mtu ni yule yule.

Usuli

Mwalimu alizaliwa miaka ya 1950 katika kijiji kilicho kando ya Reli ya Kati, magharibi ya mji wa Dodoma, kwa wazazi wakulima wa uwele na mtama. Randa aliishika kwa mara ya kwanza kwa fundi wa misheni. Baadaye akaingia mafunzo rasmi, akapanda majaribio ya ufundi kutoka Daraja la Tatu hadi la Kwanza, akaajiriwa kufundisha useremala katika chuo cha serikali. Sheria ya 1994 iliyoanzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilimkuta darasani. Alistaafu mwaka 2014 akiwa na miaka 60.

Ana mke, wana wawili wakubwa wanaoishi mbali, binti, na mtoto wa mwisho wa kiume. Yupo pia mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyeletwa akiwa mdogo na kukulia pale pale. Mbali na hao alisomesha watoto wa marehemu kaka yake.

Wenzake waliostaafu naye walipeleka kiinua mgongo kwenye viwanja vya mjini. Yeye alirudi kijijini, akajenga banda la bati lenye sakafu ya saruji na kununua mashine mbili, ya kukata na ya kuranda. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulipofika alilipia fezi tatu, gharama ambayo mkewe anaikumbuka mpaka leo. Ukimuuliza sababu ya kurudi, hana hotuba. Anasema vijana walikuwa wanapanda treni kwenda mjini kuuza karanga, naye alikuwa na kitu cha kuwafundisha.

Msomaji asiyeijua Dodoma aelewe jambo moja kuhusu hela ya huku. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miaka mingi haivuki milimita 600. Fedha kijijini huonekana baada ya mavuno. Ada na sare zinadaiwa Januari, wakati ghala ni tupu na shamba bado lina magugu. Fundi wa kijijini anayetaka kulipwa taslimu siku ya kazi atakaa bila kazi nusu ya mwaka. Kwa hiyo kukopesha huku si huruma, ndiyo namna ya kufanya biashara. Swali ni jinsi unavyokopesha.

Mbao za msiba

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Mwalimu alipofanya kazi safi kuliko zote, na hakuna aliyemfundisha.

Muda mfupi baada ya kufungua karakana, misiba ilianza kumfikia. Mtu akifariki jioni, azikwe kesho yake, jeneza linatakiwa kabla ya saa nne asubuhi, na wafiwa hawana kitu. Fundi yeyote wa kijijini anaijua hali hiyo. Ukidai hela utaonekana mchawi. Usipodai, umetoa mbao zako, gundi yako na usiku wako.

Mwalimu alikwenda kwenye mkutano wa kitongoji, wakati hakuna msiba wowote, akasema utaratibu wake mbele za watu. Kazi ya mikono kwa jeneza la mkazi wa kitongoji ni bure, sasa na siku zote. Mbao si bure. Kwenye kenchi za banda lake kutakuwa na mbao za msindano zilizokauka, zimetengwa, zinaitwa mbao za msiba, na hazitauzwa kwa mtu yeyote. Wafiwa watachukua, na watarudisha mbao au thamani yake baada ya mavuno. Kaunta buku litakaa kwa katibu wa kamati ya msiba, si kwake. Mtu wa nje ya kitongoji atalipa mbao papo hapo, na nusu ya ufundi.

Kwa Waislamu mambo ni tofauti, kwa kuwa jeneza la msikiti ni moja na linarudi msikitini. Kwao alichukua jukumu la kulikarabati kila mwaka na kukata mbao za kufunikia mwanandani. Hilo nalo alilisema siku ile ile, asije mtu akauliza kwa nini fulani na si fulani.

Usiku wa msiba kazi ilifanywa na wanafunzi, yeye akisimama pembeni na taa. Jeneza lina somo moja gumu, nalo ni bega. Ubao wa pembeni unatakiwa upinde pale sanduku linapopanuka kisha linapoanza kusinyaa kuelekea miguuni. Wanafunzi walifundishwa kuchora mistari upande wa ndani wa ubao, kukata mikato myembamba kwa msumeno bila kufika upande wa pili, kumwaga maji ya moto juu yake, kisha kupindisha polepole huku mwenzako ameshika ncha. Ukikata kina kirefu ubao unavunjika, ukikata kifupi haupindi. Kijana aliyeweza bega la jeneza saa nane usiku, watu wanalia nyumba ya pili, kitako cha kochi hakimsumbui.

Kaunta buku lile nimeliona. Wapo ambao hawajarudisha, na wengi wa hao ni wajane ambao kamati yenyewe iliwafutia deni na kuchanga. Kwa ujumla rundo la kenchini halikuwahi kuisha. Kuna mwaka mvua zilikatika Februari, mavuno yakawa ya kuokoteza. Mwaka ule watu walirudisha ubao mmoja mmoja, wengine wakaleta mkaratusi badala ya msindano. Mwalimu aliupokea. Mkaratusi unajikunja vibaya ukikauka, lakini alisema utatosha kwa vigingi.

Wanafunzi wa karakana

Utaratibu wa wanafunzi ulikuwa mkali zaidi. Mzazi au mlezi alifika mwenyewe, makubaliano yakaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna ada ya fedha; mlezi analeta unga, na mwanafunzi anakula mchana pale. Miezi ya kwanza ni kufagia, kupanga mbao na kunoa. Kazi ya kwanza ya kijana ni sanduku lake mwenyewe la vifaa, kwa viungo vya ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Likilegea analivunja na kuanza upya. Akimaliza mafunzo anaondoka na sanduku hilo likiwa na msumeno, randa na patasi mbili.

Binti yake aliingia kwa masharti hayo hayo baada ya kidato cha nne. Shangazi zake walinung'unika kwamba mwana wa kike anashinda kwenye vumbi na wavulana. Mwalimu alijibu kwamba unga wake nao unatoka nyumbani, kwa hiyo ni mwanafunzi kama wengine. Leo ndiye mkali wa vanishi kuliko wote, na milango ya mninga inayotoka pale unaijua kwa mkono wake.

Madawati ya 2016

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto walifurika darasa la kwanza nchi nzima, na kampeni ya madawati ikapewa muda wa kumalizika katikati ya mwaka huo huo. Shule moja ya jirani ilihitaji madawati 90. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuja jioni, wakanywa chai, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mwenye kijiji. Anza tu, hela ipo njiani."

Hapakuwa na mkataba wala malipo ya awali. Mwalimu alichukua kilichobaki cha kiinua mgongo, akaagiza msindano kutoka Mafinga. Kwa kuwa nchi nzima ilikuwa inatengeneza madawati, mbao zilizofika zilikuwa mbichi, nyingine bado zinanata utomvu.

Huyu ni mtu aliyefundisha ukaushaji wa mbao kwa miongo mitatu. Alijua vizuri kwamba msindano uliotoka kupasuliwa unaweza kubeba maji yenye uzito kuzidi ubao wenyewe. Alijua kuwa unyevu ukishashuka chini ya asilimia 30 hivi, ubao unaanza kusinyaa upana na unene, huku urefu ukibaki karibu ule ule, na kwamba hewa ya Dodoma kuanzia Juni ni kavu na ina upepo, kwa hiyo inakausha haraka upande wa nje wakati ndani bado kuna maji. Mbao za inchi moja zingepangwa kivulini, vijiti katikati ya kila safu, miezi miwili au mitatu, zingekuwa tayari. Miezi hiyo haikuwepo.

Alitengeneza, akakabidhi kwa wakati, na picha zikapigwa. Kufikia Septemba ndimi zilikuwa zinacheza ndani ya matundu, mbao za kuandikia zimepasuka nchani, na watoto wa darasa la tatu wanatikisa dawati kwa makusudi ili lilie. Kamati ikashikilia malipo yaliyobaki kwa hoja kwamba kazi ni mbovu. Mwalimu akayarudisha madawati karakana kwa awamu, akayakaza yote bila kudai kitu, vijana wakipoteza karibu muhula mzima wa kazi nyingine. Malipo ya theluthi ya madawati hayakuwahi kufika, na kamati ilipobadilishwa, wapya walisema hawana kumbukumbu.

Droo la meza

Nyumbani mambo yalikwenda kimya kimya. Hela ya wateja iliwekwa kwenye droo la meza ya kupimia. Mke akihitaji hela ya mboga anachukua, mwana mkubwa akipiga simu kuwa amekwama kodi, inatumwa kutoka droo hilo hilo. Ada za watoto wa marehemu kaka, mchango wa ng'ombe wa mahari ya kijana wa ukoo, nauli ya mgonjwa, vyote droo. Hakuna aliyeiba. Kila aliyechukua alisema, na kila mara Mwalimu alisema sawa.

Mpwa alikuwa fundi mkuu wa karakana wakati huo, kazini tangu alfajiri. Hakuwa na mshahara. Alikula nyumbani, alivishwa, na ikieleweka kwamba siku moja mjomba atamwanzishia maisha yake. Siku hiyo haikutajwa tarehe.

Mji ulipokua

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma na baadaye Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, ujenzi ulilipuka, hasa ulipoanza Mji wa Serikali kule Mtumba. Ungetegemea karakana inufaike. Ilinufaika kidogo, kwa milango ya mninga. Lakini madirisha yalikuwa yamehamia kwenye aluminiamu, makabati kwenye mbao za kiwandani, na vijana waliofuzu waliona malipo ya siku mjini yanazidi ya wiki kijijini. Waliondoka wengi.

Huko mjini walikutana na jambo ambalo Mwalimu hakulitilia maanani. Hawakuwa na cheti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia mitaani, wanapimwa na kupewa cheti, lakini yeye hakuwahi kuwapeleka. Alisema kazi itajisemea yenyewe. Msimamizi wa saiti hakuwa na muda wa kuisikiliza kazi, akawaandika vibarua.

Kiharusi

Mwaka 2021 Mwalimu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa mazito. Matibabu hayakuwa mzigo mkubwa, kwa sababu kama mstaafu aliyechangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, yeye na mkewe walikuwa na bima. Kilichoumiza ni kwamba bei zote za karakana zilikuwa kichwani mwake.

Ndani ya wiki chache wateja walianza kufika. Huyu anasema Mwalimu alimkubalia kitanda kwa nusu ya bei. Yule anasema alishalipa kianzio. Mwingine, na huyu alikuwa mzee wa heshima, alisema mbao sita za mninga zilizo nyuma ya banda ni zake, zilihifadhiwa tu. Kaunta buku la mbao za msiba lilikuwepo kwa katibu wa kamati, na binti alikuwa na daftari la wanafunzi, yote mawili yakiwa safi, tarehe na sahihi. Daftari la oda halikuwepo. Walilipa baadhi, wakakataa baadhi, na kupoteza marafiki kwa njia zote mbili.

Wana wakubwa walikuja, wakatazama hali, wakapendekeza mashine ziuzwe ili baba atunzwe. Ni pendekezo ambalo watu wa nje hulilaani haraka. Mimi silioni la ajabu: wao waliona mashine mbili zisizofanya kazi na mzee anayehitaji mtu wa kumgeuza usiku.

Kikao na maamuzi

Kikao cha ukoo kilikaa mwaka 2022, baada ya Mwalimu kuweza kukaa kitini na kuongea taratibu. Alisisitiza kifanyike akiwa hai na akiwepo. Shangazi mkubwa wa watoto, dada yake Mwalimu, ndiye aliyeongoza, na nadhani bila yeye kisingefika mwisho.

Mvutano ulikuwa juu ya mpwa. Wazee wawili walisema wazi kwamba ni mtoto wa ukoo mwingine, amelelewa na inatosha. Mpwa alisema, "Mjomba, mimi sidai urithi. Nadai miaka yangu." Kikao kilinyamaza, kisha shangazi akamwambia binti alete daftari la wanafunzi. Lilionyesha mwaka aliomaliza mafunzo. Yote yaliyofuata baada ya hapo ilikuwa kazi, si malezi, na hakuna aliyeweza kubishana na tarehe.

Yakaamuliwa hivi. Mashine ya kuranda ikawa ya mpwa, kama malipo ya miaka yake. Mashine ya kukata na banda vikabaki vya Mwalimu na mkewe. Binti, mpwa na vijana watatu wa zamani waliokubali kurudi wakaunda kikundi, kinachotumia banda na kumlipa mama kodi kila mwezi kabla ya kugawana chochote. Kikundi kitatunza daftari la oda. Wana wakubwa waliambiwa kwamba fungu lao la karakana walishalipata kwenye ada; nyumba na shamba vitagawanywa baadaye kwa taratibu zake. Wosia uliandikwa, ukashuhudiwa na watu wa ukoo na wasio wa ukoo.

Kwa nini kodi kwa mama na si gawio? Mwalimu alieleza mwenyewe: gawio linasubiri faida, na faida ya useremala huku inasubiri mavuno. Kodi haisubiri.

Matokeo

Karakana inafanya kazi, ndogo kuliko zamani. Kodi imechelewa mara kadhaa lakini haijakatika. Wawili wa kikundi wamepimwa na kupata vyeti vya VETA. Mizinga ya nyuki ya kisasa imekuwa bidhaa nzuri, kwa sababu wafugaji wa nyuki wa upande wa Manyoni huagiza mingi kwa mkupuo na hulipa nusu kabla. Mbao za msiba ziko kenchini kama awali. Kilichobadilika ni kwamba wafiwa sasa wanaleta gundi na misumari.

Baada ya mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, kuanza kwenye sekondari mwaka 2024, shule moja iliomba karakana iwasaidie wanafunzi mazoezi ya vitendo. Kikundi kilikubali, kwa barua, siku maalumu, idadi maalumu, na shule ikaleta mbao zake. Mwalimu alipoonyeshwa barua aliisoma mara mbili, akauliza kama mbao zimepimwa unyevu.

Uchambuzi

Utaratibu wa mbao za msiba ulisimama kwa mambo ambayo fundi mwingine anaweza kuyaiga bila kuwa na moyo wa Mwalimu. Ulitangazwa wakati hakuna mtu anayelia. Ulitenganisha kinachotolewa bure, yaani ufundi ambao anao tele, na kisichoweza kutolewa bure, yaani mbao ambazo hununuliwa. Marejesho yalifungwa kwenye mavuno, si kwenye mwisho wa mwezi usio na maana kwa mkulima. Na daftari lilikaa kwa kamati. Hili la mwisho ni la busara kubwa, maana anayedai akiwa ndiye aliyetoa, kila salamu barabarani inageuka ukumbusho wa deni. Kamati ikidai, Mwalimu anabaki kuwa Mwalimu.

Madawati yalishindikana kwa kinyume cha hayo yote. Wengi wakikisimulia kisa hiki huishia kwenye malipo yaliyopotea. Kosa la awali lilikuwa la kiufundi na kijamii kwa pamoja: hakuweza kusema "mbao hazijakauka" kwa sababu hakuwa na karatasi yoyote ya kusimamia. Mkataba ungekuwa na tarehe ya kupokea mbao, tarehe ya kukabidhi na malipo ya awali, na hapo fundi anaweza kubishana juu ya muda. Kwa chai ya jioni na heshima ya kuitwa mwenye kijiji, angebishana na nini? Kijana wake yeyote angeleta sanduku la mbao mbichi angemrudisha. Yeye hakuwa na wa kumrudisha.

Kuhusu droo, sikubaliani na ushauri unaotolewa kila semina kwamba mfanyabiashara atenganishe kabisa fedha za familia na za biashara. Kwa mstaafu mwenye ukoo, karakana ni ya familia, na mke anayechukua hela ya mboga yuko ndani ya haki yake. Kilichokosekana ni kiwango. Laiti droo lingekuwa na fungu la nyumbani linalojulikana, hata mwana wa mbali akipiga simu angepewa jibu lisilo tusi: fungu la mwezi huu limekwisha. Kodi ya mama leo inafanya kazi hiyo hiyo, ila imekuja baada ya kiharusi.

Suala la mpwa ndilo ningependa walimu walitazame kwa makini, kwa kuwa limejaa karakana za nyumbani kote nchini. Kijana wa ndugu anayeanza kama mtoto wa nyumbani, akawa mwanafunzi, akawa fundi, bila siku hata moja ya kuvuka kutoka hatua moja hadi nyingine, anabaki hana cha kudai na mjomba hana cha kumlipa. Hapa aliokolewa na bahati ya daftari la wanafunzi, ambalo liliandikwa kwa sababu nyingine kabisa. Siku ya kumaliza mafunzo iandikwe, na kuanzia kesho yake awe na malipo, hata kama ni madogo na hata kama anaendelea kula pale pale.

Vyeti vilikuwa pengo, na kwa mtu aliyepanda majaribio ya ufundi hadi Daraja la Kwanza ni pengo linaloshangaza. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba alitaka vijana wasiondoke. Sidhani. Alikuwa amezoea chuo ambacho cheti kilitolewa na ofisi nyingine, yeye kazi yake ikiwa kufundisha, na karakana haikuwa na ofisi nyingine.

Kufanya kikao akiwa hai kulisaidia kuliko uamuzi wowote mmoja uliofikiwa ndani yake. Wana wakubwa walimsikia baba kwa masikio yao, na mpwa alisikia miaka yake ikihesabiwa mbele ya wazee waliomkana. Wosia haujapimwa bado. Mwalimu yu hai, na asubuhi nyingi anakaa kwenye stuli mlangoni mwa banda akikosoa wanaonoa.

Liko jambo ambalo halijaisha. Eneo la banda lipo chini ya kijiji, na maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila yalijazwa kwa jina la Mwalimu peke yake. Anataka jina la mkewe liongezwe. Mwana mkubwa amepinga, akisema hilo lisubiri mgawanyo wa shamba, na mtendaji wa kijiji hataki kuigusa fomu wakati familia inavutana. Faili liko ofisini. Kikundi kinaendelea kulipa kodi kwa mama, kwa stakabadhi, kila mwezi, na kila stakabadhi ina sahihi ya Mwalimu iliyoandikwa kwa mkono wa kushoto.